Fidia Juu ya Ardhi ya Mwingine

Sheria ya Kenya imeweka tarehe ambayo dhuluma za ardhi zinaanza kuhesabiwa: 15 Juni 1895, siku Uingereza ilipojitangazia himaya yake ya Afrika Mashariki. Ardhi iliyonyang'anywa kati ya siku hiyo na 27 Agosti 2010, Katiba mpya ilipozinduliwa, inaweza kudaiwa kama dhuluma ya kihistoria. Kwa mtu wa Saboti, tarehe hiyo ya kwanza inashangaza kidogo. Mwezi ule, miteremko ya mashariki ya Mlima Elgon ilihesabiwa kuwa Uganda, na ikabaki hivyo mpaka Aprili 1902, Waingereza waliposogeza mpaka bila kumwuliza aliyekuwa akiishi ndani yake. Miezi michache baada ya Juni ile, Wabukusu walikuwa wamejifungia nyuma ya kuta za udongo huko Lumboka na Chetambe, karibu na Webuye ya leo, wakipigana na kikosi kilichotumwa na ofisa wa Uingereza, Charles Hobley, kutoka Mumias. Walishindwa. Tangu hapo mwenye bunduki ndiye aliyechora mipaka kati ya Mto Nzoia na kilele cha mlima.

Saboti ya sasa ni eneo bunge katika kaunti ya Trans Nzoia. Upande wa magharibi linapandisha hadi msitu wa Elgon kupitia Machewa, upande wa mashariki linagusa mitaa ya Matisi na Tuwan mjini Kitale, na kusini linapakana na Bungoma. Udongo wake unazaa mahindi kiasi kwamba Kenya nzima huuliza bei ya unga kwa kutazama mvua ya Kitale. Kampuni ya mbegu ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humo mwaka 1956, na mbegu chotara ya mahindi iliyobadilisha kilimo cha nyanda za juu, ile ya 611, ilitoka katika kituo cha utafiti cha hapo mwaka 1964. Ardhi ya namna hii haikosi wa kuitamani.

Kabla ya mahindi palikuwa na ng'ombe. Wakony, ambao jina lao ndilo lililoupa mlima huu jina la Elgon, walilisha mifugo kutoka mapango ya mlimani hadi tambarare ya Nzoia. Joseph Thomson aliyaona mapango hayo mwaka 1883, watu na mifugo wakiwa ndani. Wakony, Wabook na Wabong'omek, pamoja na ndugu zao Wasabiny wa upande wa Uganda, ndio wanaojulikana leo kwa jina moja la Wasabaot. Mashariki, kwenye vilima vya Cherang'any, walikuwako Wasengwer. Kusini walilima Wabukusu. Watu hawa walishambuliana, wakanyang'anyana ng'ombe, wakaoana, wakapeana hifadhi wakati wa njaa. Mipaka yao ilikuwa ya mazungumzo na ya mikuki, na ilihama kadiri malisho yalivyohama.

Mpaka usiohama uliletwa na mpimaji. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ardhi ya Trans Nzoia ilikwisha kuanza kukatwa mashamba, na baada ya vita, kuanzia 1919, serikali ya kikoloni ilifungua mlango kwa askari wa Kiingereza waliostaafu. Sheria ya ardhi ya 1915 ilikuwa imewapa walowezi mikataba ya miaka 999. Sheria hiyohiyo, na hukumu ya mahakama iliyoifuata mwaka 1921, ilimfanya Mwafrika kuwa mpangaji asiye na mkataba katika nchi ya baba yake. Mwaka 1926 reli ikafika Kitale kutoka Eldoret. Kilichokuwa malisho kikawa shamba la mzungu, na mwenye malisho akawa skwota.

Uskwota ulikuwa na kanuni zake. Chini ya sheria ya 1918, familia ya Kiafrika iliruhusiwa kukaa na kulima kipande kidogo kwenye shamba la mlowezi ikiwa mwanamume atamfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Mwaka 1937 sheria ilikazwa: mabaraza ya walowezi yakapewa uwezo wa kuongeza siku hizo hadi 270 na kupunguza idadi ya ng'ombe ambao skwota angeweza kufuga. Baraza la Trans Nzoia liliutumia uwezo huo. Mfugaji aliyeingia shambani na kundi lake, akidhani amepata namna ya kubaki kwenye malisho ya zamani, aliona kundi hilo likipunguzwa kwa amri mpaka hana sababu ya kuitwa mfugaji. Huku ndiko kuhamishwa kulikofanyika polepole, bila moto wala bunduki, na kwa sababu hiyo hakukuacha picha za kuonyesha wajukuu.

Malalamiko yalipozidi kote nchini, London iliunda tume. Sir Morris Carter na wenzake wawili walizunguka Kenya mwaka 1932 na 1933 wakisikiliza ushahidi, na ripoti yao ikachapishwa 1934. Wazee wa Kony walieleza walivyopoteza tambarare, na tume ilikubali kwamba walikuwa na dai. Ingekuwa rahisi kusema kwamba wakoloni hawakusikiliza. Walisikiliza, wakaandika, wakachapisha. Lakini mashamba ya Trans Nzoia yalikwisha kugawiwa walowezi, na tume haikuwa tayari kumgusa hata mmoja wao. Fidia ikatafutwa kwingine. Wakony walielekezwa juu, kwenye nyika ya baridi iliyo ng'ambo ya msitu wa mianzi, mahali panapoitwa Chepkitale, pakaingizwa katika maeneo yaliyotengewa wenyeji.

Chepkitale hapakuwa mahali patupu. Waliishi hapo Wamosop, jamaa za haohao Wasabaot, ambao leo wengi wao hujitambulisha kama Waogiek wa Mlima Elgon: wafugaji na warina asali walioijua nyika ile kwa majina ya kila bonde. Ardhi ya watu hawa ndiyo iliyotolewa kulipa deni la ardhi ya watu wengine. Hapo ndipo penye kiini cha historia hii nzima. Aliyefaidika na tambarare hakulipa chochote. Aliyelipa ni yule ambaye hakuitwa hata kutoa ushahidi wa maana. Kosa hilo la 1934 limerudiwa na kila serikali iliyofuata, kwa majina mapya na ramani mpya.

Wabukusu nao hawakunyamaza. Katika miaka ya 1940 Elijah Masinde wa Kimilili, mwanakandanda aliyegeuka nabii, aliongoza Dini ya Msambwa na kuwataka Wazungu waondoke. Ujumbe wake ulienea hadi kwenye kambi za wafanyakazi katika mashamba ya Kitale, na walowezi wakaanza kulala na bunduki kando ya kitanda. Februari 1948, huko Malakisi, polisi waliwafyatulia risasi waumini na kuua watu 11. Dini ikapigwa marufuku, Masinde akapelekwa kizuizini Lamu. Alirudi karibu na uhuru, na mwaka 1968 serikali ya Jomo Kenyatta ikaipiga marufuku dini ileile kwa mara nyingine. Wengi humkumbuka Masinde kwa vituko vyake vya kidini. Hoja yake ya ardhi ilikuwa ya kawaida kabisa, na ilistahili jibu la kawaida.

Uhuru ulipokaribia, mjadala wa kitaifa kuhusu Trans Nzoia ulifanyika, ila swali halikuwa nani alinyang'anywa. Swali lilikuwa Kitale itahesabiwa jimbo gani. Katiba ya majimbo ilihitaji mipaka, na mwaka 1962 Tume ya Mipaka ya Majimbo ilipita ikikusanya maoni. Masinde Muliro, naibu wa kiongozi wa chama cha KADU na mwanasiasa mkuu wa Wabukusu, alitaka Trans Nzoia iingie Magharibi. Wanasiasa wa Kikalenjin ndani ya chama hichohicho walitaka iwe Bonde la Ufa. Chama kilitikisika. Mwishowe Trans Nzoia iliwekwa Bonde la Ufa, wakati Wasabaot wengi wa mlimani waliachwa ndani ya Bungoma, Magharibi, kinyume na walivyotaka. Kila upande ulitoka na hisia kwamba umeporwa, na kuanzia hapo malisho ya Kony na mashamba ya Bukusu yakaacha kuwa madai dhidi ya serikali. Yakawa madai ya jirani dhidi ya jirani.

Mashamba yenyewe yakauzwa. Kwa fedha zilizokopwa Uingereza na Benki ya Dunia, serikali ilinunua ardhi ya walowezi waliotaka kuondoka, na Waafrika waliokaa kwenye skimu za makazi wakabeba deni hilo. Trans Nzoia sehemu kubwa ya mashamba ilikwenda kwa njia nyingine: matajiri na wakubwa waliopata mikopo, vyama vya ushirika, na kampuni za kununua ardhi ambamo wakulima wa kawaida walichanga na kupata shea. Katika miaka ya 1960 na 1970 walikuja Wabukusu kutoka Bungoma iliyosongamana, Wakikuyu, Wanandi, Wateso, Waluo na Wakisii. Waturukana waliokimbia ukame na wizi wa mifugo walijibanza kwenye vibanda vya Kipsongo, pembeni mwa mji. Wengi wa hawa walitoa jasho halali. Mtu aliuza ng'ombe wake wawili wa mwisho, akapeleka pesa kwa mweka hazina wa kampuni, akapewa risiti, akasubiri miaka kumi kuonyeshwa ploti yake. Ni dhuluma nyingine kumwita mtu huyo mnyang'anyi.

Mashamba mengine makubwa serikali ilibaki nayo. Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC, lililoundwa mwaka 1965, lilikabidhiwa mashamba ya mbegu na ya mifugo bora, na Trans Nzoia ndiyo ikawa mojawapo ya ngome zake. Maskwota waliozaliwa ndani ya mashamba hayo waliambiwa kwamba hii sasa ni mali ya umma. Miaka ilivyosonga waliona mali ya umma ikikatwa vipande na kupewa watu binafsi. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyoteuliwa 2003 na kukamilisha kazi 2004, ilieleza kinagaubaga jinsi ardhi ya mashirika ya umma, ADC ikiwamo, ilivyogawiwa wanasiasa na wakubwa serikalini kama zawadi. Skwota aliyefukuzwa kwa ajili ya mbegu bora za taifa alishuhudia hatimiliki ikiandikwa kwa jina la mheshimiwa.

Juu mlimani kosa la Carter lilikuwa likirudiwa. Mwaka 1968 sehemu ya Elgon ilitangazwa mbuga ya taifa. Mwaka 1971 serikali ikaamua kwamba Wamosop washuke kutoka Chepkitale, ikitaja uhifadhi na usalama wa mpaka na huduma ambazo zingewafikia kwa urahisi wakiwa chini. Mahali walipopelekwa ni Chebyuk, ukanda wa msitu uliokatwa upande wa Kopsiro. Wafugaji wa nyika ya baridi waligeuzwa wakulima wa mahindi kwa amri. Hawakupewa hati. Mipaka haikupimwa ipasavyo. Jirani zao wa chini, wanaoitwa Wasoy, ambao nao walikuwa wazao wa watu waliopoteza tambarare, walianza kuingia Chebyuk: wengine walinunua, wengine walikodi, wengine waligawiwa na chifu au karani.

Yaliyofuata ni mfululizo wa kufuta na kuanza upya. Awamu ya kwanza ya skimu ililalamikiwa, ikaja ya pili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ugawaji ulifutwa na watu wakaondolewa, ikaja ya tatu. Kila mara orodha ya wanaostahili iliandikwa na watu walewale waliokuwa na ndugu wa kuingiza. Nyumba zilichomwa, watu walirudi, zikachomwa tena. Mwanamke aliyeolewa Chebyuk mwaka 1972 angeweza kuhamishwa mara tatu kabla mtoto wake wa kwanza hajaoa, na kila mara na karatasi tofauti mkononi, au bila karatasi yoyote. Kisha mwaka 2000 Chepkitale yenyewe ikatangazwa hifadhi ya wanyama. Wamosop waliokuwa wamerejea huko kimyakimya, au ambao hawakuwahi kuondoka, wakawa wavunja sheria nyumbani kwao.

Siasa ya vyama vingi iliporejea, moto uliwashwa tambarare pia. Ghasia zilizoanza Nandi Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei zilifika Trans Nzoia na Bungoma kabla mwaka mpya haujakomaa. Endebess, Kwanza, Saboti, hadi vijiji vya chini ya mlima kuelekea Chwele, watu walioitwa wageni walifukuzwa mashambani wakaenda kulala makanisani na kwenye varanda za maduka. Wengi wa waliofukuzwa walikuwa Wabukusu, na Wasabaot nao walifukuzwa na kuuawa kwa kulipiza. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliripoti Septemba 1992 kwamba watu 779 walikuwa wameuawa nchini. Shirika la Human Rights Watch, mwaka uliofuata, lilikadiria waliokufa kuwa wasiopungua 1,500 na waliopoteza makao kuwa 300,000. Kamati ya Kiliku ilitaja majina ya wakubwa, na Bunge likaikataa ripoti yake. Mwaka 1998 Rais Moi aliteua tume nyingine chini ya Jaji Akilano Akiwumi. Ilimaliza kazi 1999, na ripoti ikakaa kabatini hadi 2002. Nayo ilitaja majina. Hakuna kigogo aliyefungwa.

Katika uchaguzi wa 1992, uliofanyika majivu yakiwa bado ya moto, Saboti ilimchagua Michael Wamalwa Kijana. Alikuwa msemaji mwenye kipaji ambaye Wakenya wengi hadi leo humtaja kwa upendo, na alifika kuwa Makamu wa Rais kabla ya kufariki London Agosti 2003. Mdogo wake Eugene Wamalwa, naye mbunge wa Saboti, alikuwa Waziri wa Haki mwaka 2012 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilipokuwa inakamilisha kazi yake. Eneo bunge hili, basi, halikukosa sauti Nairobi. Lilichokosa ni mtu yeyote mwenye mamlaka ya kufungua rejista za mashamba na kusoma kwa sauti nani alipewa nini, na lini.

Uchungu wa Chebyuk ulilipuka mwaka 2005 na 2006. Serikali ilikuwa inajiandaa kukamilisha awamu ya tatu kwa kugawa vipande vidogo vya ekari 2.5 na kuwaondoa waliotajwa kuwa maskwota. Vijana wa Kisoy, wakiongozwa na Wycliffe Matakwei, waliingia msituni na bunduki. Walijiita Sabaot Land Defence Force, kikosi cha kulinda ardhi ya Wasabaot. Watu wa vijijini waliwaita Janjaweed. Waathirika wao wa mwanzo walikuwa Wasabaot wenzao, Wamosop waliopata ploti. Walitoza kodi, waliweka mahakama zao, walikata watu masikio, walibaka, waliua. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mashambulizi yalimwagika hadi vijiji vya Trans Nzoia, Saboti ikiwa miongoni mwao. Zaidi ya watu 600 waliuawa, na makumi ya maelfu walikimbia.

Tarehe 28 Februari 2008, Mwai Kibaki na Raila Odinga walitia saini mapatano ya amani mbele ya Kofi Annan. Katika ajenda ya nne ya mazungumzo yale, pande zote mbili zilikiri kwamba mageuzi ya ardhi hayaepukiki. Wiki mbili hazikuisha kabla wanajeshi hawajapanda Elgon katika operesheni waliyoiita Okoa Maisha. Wanaume na wavulana walikusanywa kijiji kwa kijiji, maelfu yao, wakapelekwa kuchujwa. Kambi ya Kapkota ikawa jina la kutisha. Waliotoka humo walisimulia kipigo na mateso, na mashirika ya haki za binadamu yalithibitisha majeraha yao. Matakwei aliuawa Mei 2008. Kwa hesabu ya Human Rights Watch iliyotolewa 2011, watu zaidi ya 300 walikuwa hawajulikani walipo, wengine wakiwa wamechukuliwa na wanamgambo, wengine na jeshi. Nairobi ilikuwa inajadili ardhi. Mlimani wake za waliopotea walikuwa wanazunguka vyumba vya maiti vya Bungoma na Kitale, wakifunua mashuka.

Familia hizo zilipokosa mlango nyumbani, shirika la IMLU, linalotetea waathirika wa mateso, lilikwenda Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki mjini Arusha. Juni 2011 majaji walikubali kusikiliza. Machi 2012 kitengo cha rufaa kikasema shauri lilichelewa: mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu ya kufungua kesi. Miezi miwili, kwa mwanamke ambaye bado alikuwa anatafuta mwili.

Tume ya Ukweli ilifika Mlima Elgon mwaka 2011. Kote nchini ilikusanya taarifa zaidi ya 40,000 za watu, na huku mlimani wajane, wenye masikio yaliyokatwa na waliotoka Kapkota walisimama mbele ya umati na kusema. Jambo hilo lilikuwa na thamani yake, na asilidharau mtu. Msoy na Mmosop walisikilizana katika ukumbi mmoja. Hata hivyo, sheria ya tume ilihesabu maovu kuanzia 12 Desemba 1963, siku ya uhuru, hadi 28 Februari 2008, hivyo kufukuzwa kwa Wakony kutoka tambarare kuliingia ripotini kama utangulizi tu. Ripoti ilikabidhiwa kwa Rais Uhuru Kenyatta Mei 2013, ikiwa imekwisha kuchafuliwa na madai kwamba aya za sura ya ardhi zilibadilishwa. Makamishna watatu wa kutoka nje walikataa kuzikubali. Mwishoni mwa mwaka huo Bunge lilibadili sheria ili utekelezaji usubiri mjadala wake. Machi 2015 Rais aliomba radhi Bungeni na kuahidi hazina ya shilingi bilioni 10. Ripoti haikupitishwa.

Elgon si peke yake. Upande wa Uganda, Wabenet, jamaa wa watu haohao, walitolewa msituni, wakapewa hekta 6,000 mwaka 1983, kisha mipaka ya mbuga mpya ya 1993 ikawakuta wengi wao ndani. Oktoba 2005 Mahakama Kuu ya Mbale ilithibitisha haki yao, na utekelezaji umekwama miaka yote hii. Cherang'any, ng'ambo ya pili ya Trans Nzoia, Wasengwer wa msitu wa Embobut walichomewa nyumba mwaka 2014 na tena 2018. Januari mwaka huo mmoja wao alipigwa risasi akafa, na Umoja wa Ulaya ukasimamisha mradi wa euro milioni 31 uliohusu vyanzo vya maji vya Cherang'any na Mlima Elgon. Fedha za nje zilizoambatana na uhifadhi zilikuwa zimewafanya wahamishaji wawe wepesi zaidi wa mkono.

Katikati ya haya yote Wamosop wa Chepkitale walifanya kazi ya subira. Waliandika kanuni zao za zamani: marufuku kuchoma makaa, malisho kwa zamu, nani anaruhusiwa kulima na wapi. Walichora ramani ya mabonde kwa majina yao. Waliwaalika wataalamu wa uhifadhi, na mwaka 2011 shirika la kimataifa la IUCN likafanya Elgon kuwa mahali pa kwanza pa kujaribia utaratibu wake wa kutatua migogoro kati ya hifadhi na wenyeji. Na walikwenda mahakamani, wakakaa humo zaidi ya miaka 10. Tarehe 26 Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliamua kwamba Chepkitale ni ardhi ya jamii, na kwamba tangazo la mwaka 2000 lililoigeuza hifadhi halikufuata sheria. Ushindi huo haukutokana na tume. Watu waliacha kusubiri taifa limalize kujadiliana, wakaleta ushahidi wao wenyewe.

Hukumu peke yake haimpi mtu hati. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inataka jamii iitishe mkutano, ichague kamati ya watu 7 hadi 15, iandikishe kanuni zake, na ardhi ipimwe kabla ya kusajiliwa. Hadi hapo serikali ya kaunti, yaani Bungoma, inaishikilia kwa niaba yao. Wasoy wa chini nao wana swali lao la haki, kwa maana malisho waliyopoteza babu zao hayakuwa Chepkitale.

Yalikuwa tambarare, na hapo ndipo kazi ngumu ilipo. Jaji aliweza kurudisha Chepkitale kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyeinunua. Saboti kila ekari ina mwenyewe, na wengi wao ni wajukuu wa yule mwenye shea aliyeuza ng'ombe wawili. Watunga sheria walilifikiria jambo hilo: marekebisho ya 2016 ya sheria ya Tume ya Taifa ya Ardhi yanaruhusu kurudisha ardhi, kulipa fidia, kuhamishia watu ardhi mbadala, kufuta hati zilizotolewa isivyo halali, na kumrejeshea fedha mnunuzi wa nia njema baada ya uthamini. Ardhi iliyotolewa kwa wakubwa kutoka mashamba ya ADC ndiyo ingefaa kuanza nayo, kwa kuwa orodha imo katika ripoti ya Ndung'u na mkulima mdogo hatagusika. Marekebisho hayohayo yalitoa miaka mitano ya kuwasilisha madai ya kihistoria. Muda huo ulimalizika Septemba 2021, na tangu hapo juhudi za kuurefusha zimefikishwa Bungeni, wakati madai ya Trans Nzoia yaliyowahi na yaliyochelewa yakisubiri pamoja.